Kipande Cheupe cha Upande wa Mashariki

Kaka Bakari,

Leo ndiyo siku ya kwanza ninayoruhusiwa kukuita marehemu. Nimeliandika neno hilo, mkono ukakataa kuendelea. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi kuketi. Barua zetu huanza kwa kuulizana hali. Mimi sitakuuliza. Hali yako nimeitafuta miezi saba chini ya bahari kwa kile kidude chako, na sikuipata.

Umeswaliwa leo baada ya sala ya Ijumaa, sala ya maiti asiyekuwapo. Ami Suleimani, aliyekufundisha kuzamia, ndiye aliyetuletea habari hapa nyumbani. Alisema msikiti ulijaa mpaka nje penye viatu. Wavuvi wote wa ufuo wa Shelly walikuja. Charo, yule mtani wako, naye alikuja. Ijapokuwa si Mwislamu, alisimama nje ya ukuta, kofia mkononi, mpaka wa mwisho alipotoka. Kisha akamwambia Ami, "Basi ndiyo imekuwa hivyo?" na Ami akamjibu, "Ndiyo imekuwa hivyo."

Mkeo Tima ameingia eda jana. Yumo chumbani kwenu, nguo nyeupe, hana bangili wala wanja, mlango umerudishwa. Wanawake wameshaanza kumwita kizuka, kama anavyoitwa kila mjane akikaa ndani. Mimi niko sebuleni, ukuta mmoja tu kati yetu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu anayo yeye. Amenipokonya, na nitakwambia kwa nini.

Yote haya nimeyasema jana mbele ya kadhi, watu wakinitazama. Wewe peke yako hujayasikia. Au pengine wewe ndiye uliyekuwa ukiyajua peke yako muda wote huu, ukiningoja.

Unakumbuka siku ulipoileta kayaki nyumbani? Hoteli ilikuwa imeacha michezo ya majini, na wewe uliyekuwa ukiwashika wageni mikono wapande na washuke ukapewa moja kama zawadi ya kuagwa. Rangi yake ya chungwa ilikuwa imepigwa na jua mpaka ikawa kama ufizi. Uliibeba kichwani toka ufuoni, na njia nzima watu wakikuuliza kama umepata beseni la kuogeshea watoto. "La kumwogeshea mamako," ukawajibu. Mama akakusikia akiwa mlangoni. "Bakari! Mdomo huo!" "Naam Mama," ukasema kwa adabu zote, beseni lako bado kichwani.

Kidude nilikuletea mimi. Mradi mmoja chuoni ulikuwa umekwisha, tukaruhusiwa kuchukua vifaa vilivyokwisha tumika. Kimpira cheusi, kidogo kuliko dafu, kikubwa kuliko chungwa. Nilikuonyesha namna ya kukifunga kwa mshipi nyuma ya kayaki kielee, namna kinavyopeleka chini sauti tusiyoisikia, sauti ikarudi, na simu ikachora: kina cha maji, mchanga au mwamba, na samaki kama vijitao vidogo vyeusi. Wewe uliviita nyusi. "Mishi, tazama, bahari inaninyanyulia nyusi. Usimwambie Tima."

Na wenzako walivyokucheka. Kila ukipita na simu yako imening'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, Charo hakosi. "Oyaa, Bakari! Samaki changu umempigia? Kapokea?" Nawe ukiweka simu sikioni, ukisema kwa sauti nyembamba ya yule mwanamke wa kwenye simu, "Mteja hapatikani kwa sasa." Ufuo mzima ukiangua kicheko. Halafu siku uliyorudi na kolekole wawili hata kayaki ikalala upande, ulipita mbele ya Charo polepole, hukumtazama. Ukasema tu, "Leo kapokea."

Ninaoukumbuka zaidi ni ule mchezo wetu. Mimi kiti cha mbele na simu, wewe nyuma na kasia. Ulikuwa ukitazama bara, unaulinganisha mnara wa msikiti na paa jekundu la hoteli, halafu unasema, "Pima sita." Nami nikitazama simu, nikipiga hesabu ya mita, ikawa sita. Tukisogea. "Nne, na chini mawe." Nne, na chini mawe. "Kidude hiki," ukasema, "ni mwanafunzi wangu. Tofauti ni kwamba hiki kinakula umeme."

Mara moja tu ulikataa kukisia. Tulikuwa tumefika kwenye mlango, pale matumbawe yanapoachana na maji kutoka nje, nami nikakuuliza, "Na kule mashariki?" Ukaliweka kasia magotini. Ukasema, "Huko sina langu. Huko sikujui." Ukageuza.

Ulisema hivyo, na mimi nilikusikia.

Kidude kilikuwa chako cha kuvulia. Mimi ndiye niliyekigeuza. Nilihitaji ramani ya sakafu ya bahari ya mbele ya Likoni kwa utafiti wangu wa shahada ya pili, ionyeshe wapi matumbawe yamekufa na wapi bado yana uhai. Nilipogundua kwamba kila unapopita kidude kinaweka alama, na palipopimwa hupata rangi na pasipopimwa hubaki peupe, nilikuomba ukimaliza kuvua upite kwa mistari, huku na huku, kama mtu anayelima. Wewe uliyetoka shule kidato cha pili ili mimi nibaki, hukuniuliza hata faida yake. Jioni ukinitumia ujumbe: "Leo nimekulimia mistari minne, daktari." Mimi si daktari. Nilikuwa nikikukataza kuniita hivyo, na nilikuwa nikipenda.

Sasa ile siku.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa chumbani kwangu Chaani nikipiga pasi shati. Kidude kikiwa majini kiliishika simu yako, haikuwa na mtandao, hilo unalijua. Ramani ilikuwa haipandi kunifikia mpaka ukitoe. Simu yangu ilipolia nikajua umekitoa, umemaliza, unarudi nyumbani. Nikafungua, nikaona rangi zinaingia moja baada ya nyingine, samawati, kijani, manjano, mistari uliyoilima wiki nzima na kuizuia isipande, ili unishtue. Nikapiga makofi peke yangu chumbani. Shati likaungua.

Nikakuandikia. Nitauweka hapa ujumbe ule kama ulivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuubeba kichwani. "Kaka umeweza!!! Bado kipande kimoja tu cheupe, upande wa mashariki, nje ya mlango."

Alama zikawa samawati. Umesoma. Kisha ikaja sauti yako, sekunde kumi na moja. "Haya daktari, ngoja nikutilie hicho. Halafu usinisumbue tena mpaka Idi."

Nyuma ya sauti yako kulikuwa na upepo, na kasia likigonga ubavu wa kayaki. Nimejiuliza mara nyingi kama upepo ule niliusikia siku ile au nimeusikia baadaye, katika kurudia. Nisikudanganye na wewe pia. Niliusikia siku ile. Niliusikia, nikakutumia kikatuni cha mtu anayecheza ngoma. Alama yake ilibaki moja, haikuongezeka mpaka leo.

Magharibi Mama akapiga simu kuuliza kama uko kwangu. Asubuhi yake nikavuka feri nikaja. Nilikuta wavuvi wote wamesimama ufuoni, Ami Suleimani anawagawa, nani aende wapi. "Pake pa kuvulia ni Mwamba wa Kati," alikuwa akisema, "ndani humu humu. Tuanzie pake." Huo ndio uliokuwa wakati wangu. Simu ilikuwa mkononi. Nikasema, "Labda alitoka nje." Wallahi nilisema, Bakari. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka asisikike. Charo akageuka. "Umesemaje, dadangu?"

Nikasema, "Sijasema kitu."

Wakakutafuta siku mbili ndani ya matumbawe, mahali ambapo hukuwapo. Siku mbili. Mimi niliketi kwenye mchanga karibu na Tima, tumefunikwa leso moja, nikijua. Niliogopa macho ya Mama. Niliogopa watu wataona kwamba shahada yangu imekula mtu. Na nilijiambia utarudi mwenyewe na miguu yako, uniapize, na habari yote iishie hapo.

Siku ya tatu sikuweza tena. Hata hapo ukweli haukunitoka. Nikamwendea Ami nikamwambia nimeota. Nimekuona katika ndoto, nje ya mlango, upande wa mashariki.

Hakuna aliyenihoji. Ningelisema ramani wangeliniuliza maswali mia. Niliposema ndoto, mashine za boti ziliwashwa palepale. Adhuhuri wakarudi wakiikokota kayaki, imepinduka. Jaketi la kuokolea lilikuwa bado limefungwa chini ya kiti, vile ulivyolifanya mto wa kukalia. Na nyuma, kwenye mshipi wake, kidude kilikuwa bado kinaelea, taa yake imezimika. Kilikuwa majini. Ulikuwa kazini. Ulikuwa ukinitilia.

Basi nikawa Mishi aliyeota. Wanawake wakaja kutoka mitaa nisiyoijua, wananishika mikono, wanataka niwasimulie. Na kila nilivyosimulia ndoto ilikua. Kisha Tima akanifuata uani, nikiosha vyombo. Alikuwa hajalia bado. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, ulivyomwona, alikuwa vipi?"

Ungeliuona uso wake, kaka, nawe usingeliweza. Nikamwambia, "Alikuwa amekaa juu ya kayaki. Anacheka."

Akanibusu mkono.

Kwa neno hilo nikamfunga miezi saba. Watu wakija kumpa pole anawajibu, "Pole ya nini? Wifi yangu kamwona yu mzima." Mtu mmoja kule feri alisema huenda umeokotwa na meli iliyokuwa ikienda kusini, na hilo nalo akalipokea. Kila adhuhuri alikuwa akikupakulia, anafunika kwa kawa, na alasiri anakifunua chakula kikiwa kimepoa na kukila yeye. Alikuwa akijitia udi siku za Alhamisi. Baba yake alipoona mwanawe si mke wala si mjane, alikwenda kwa kadhi. Kadhi akasema mtu aliyepotea hahukumiwi kuwa amekufa kwa kukosekana tu. Akauliza kama yupo yeyote aliyekuona au kukusikia mara ya mwisho, mahali gani, katika hali gani. Tima akasema, "Wifi yangu amemwota." Kadhi akamjibu kwa upole kwamba ndoto si ushahidi, mambo yakaahirishwa mpaka apatikane mtu mwenye habari. Mimi mwenye habari nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimemshikia mkoba.

Jumamosi zote nilikuwa nikija kutoka Chaani nikiichukua kayaki yako. Nilikuwa nimekichaji kidude, taa yake ikawaka kama kwamba hakikuona lolote. Niliwaambia nyumbani ni utafiti. Nilitoka nje ya mlango, nikalima. Mistari ya huku na huku, simu ndani ya mfuko wa plastiki kama ule wako, macho hayabanduki. Sikuwa natafuta samaki. Nyusi zilikuwa zikija makundi kwa makundi, nami nikizichukia. Nilitafuta kitu kirefu, kimelala, hakisogei. Nguo. Mfupa. Nilitaka bahari iseme badala yangu. Ingelinitolea kitu kimoja tu cha kuweka mbele ya Tima, nisingelihitaji kufungua mdomo. Nilikuwa naomba hivyo, nalia, napiga kasia. Nilikuwa nakuomba wewe. Jitokeze, Bakari, unisitiri.

Nimejaribu kuifuta ile sauti yako mara mbili. Mara zote mbili kidole kilifika, simu ikauliza kama nina hakika, nikajibu hapana.

Jumamosi ya mwezi uliopita nikaona kitu. Pima kumi na moja, chini ni mchanga mtupu, na juu ya mchanga kivimbe kigumu, peke yake. Nikapita juu yake mara sita. Hakikusogea. Nikafunga jiwe kwenye kamba, nikalishusha pale na dumu la kuelea juu yake, nikarudi pwani napiga kasia hata viganja vikachubuka. Nikamkuta Ami Suleimani anashona wavu. Nikamwambia, "Ami, nimempata." Akaniangalia. Akachukua miwani yake ya kuzamia.

Alikaa chini muda ambao mimi pia nilishindwa kupumua. Alipotokeza alishika ubavu wa kayaki, akatema maji.

"Dema," akasema.

Mtego wa zamani, Bakari. Dema la ufito ambalo mwenyewe alilisahau au alikufa, limeota majani, limejaa mchanga hadi nusu. Alisema ndani mlikuwa na samaki tewa mmoja, mkubwa, hai, aliyewala wenzake wote kwa sababu hakuwa na pa kutokea. Ami alikuwa amekata mlango kwa kisu akamwacha aende.

Nikacheka. Kicheko kibaya. Kisha nikaona Ami hajaondoka ubavuni. Maji yanamchuruzika kidevuni, anatazama simu, ile mistari yako ya rangi na mistari yangu kando yake.

"Mishi mwanangu. Bakari hakuwa akivua huku. Ulijuaje kuwa ni huku?"

"Niliota, Ami."

"Ndoto haina mistari."

Alibaki ameshika kayaki, miguu inapiga polepole chini ya maji, ananingoja. Nilimpa sauti yako. Aliisikiliza kichwa kimeinama ili maji yatoke sikioni, akaomba nirudie. Mwishowe akasema, "Usinipe mimi. Mpe mwenyewe, Tima."

Wiki tatu nzima nilikaa na maneno hayo, kaka. Tatu. Ami hakunisema kwa mtu. Kila nikipita ufuoni ananijibu salamu yangu, "Marahaba," na macho yake yanarudi kwenye wavu. Hilo ndilo lililonishinda.

Jana tulikwenda kwa kadhi. Mama, Tima na baba yake, Ami, na mimi. Nilisimama nikasema ninayo habari. Nikaeleza kidude, nikaeleza ramani, nikasoma ujumbe wangu mwenyewe kwa sauti. Kisha nikaiweka simu juu ya meza nikabonyeza.

"Haya daktari, ngoja nikutilie hicho."

Tima alicheka. Uliposema mpaka Idi, alicheka kabisa, kwa sababu ni wewe, ni wewe mtupu. Kicheko kikaenda hivyo hivyo kikageuka, na baba yake akamshika. Tima aliomba ruhusa asikie tena. Kadhi akampa. Akasikia mara tatu. Halafu akanigeukia mbele ya watu wote.

"Na ndoto?"

"Hakuna ndoto," nikasema.

Ami naye akatoa ushahidi wake, bahari ilivyokuwa siku ile, kayaki ilivyokutwa, jaketi lilivyokuwa. Kadhi akaandika. Akasema umekufa, na eda ihesabiwe tangu jana. Akasema aliyekufa maji ana daraja ya shahidi peponi. Watu wamekuwa wakinirudia hilo tangu jana wanipoze. Nalisadiki. Lakini ramani niliitaka mimi, si shahidi.

Kwenye feri Tima alisimama mbali nami. Tulipofika, kabla hajaingia ndani, alinigeukia. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

"Wifi," akasema, "ramani sikuulizi. Bahari alikuwa akienda kabla ya ramani yako. Lakini sauti yake umeificha miezi saba, na mimi kila siku nilikuwa nikiipigia ile nambari nikimsikiliza yule mwanamke. Mteja hapatikani. Mteja hapatikani. Na hii ulikuwa nayo." Akanyoosha mkono, akaichukua simu kiganjani mwangu. "Na kucheka kwake ulinipa wewe. Mimi nilikuuliza alikuwa vipi. Sikukuuliza unidanganye."

Kisha akasema nisiingie chumbani mle mpaka eda imalizike. Miezi minne na siku kumi. "Nikitoka nitajua la kukwambia."

Mama hajanigombeza. Afadhali angelinigombeza. Leo asubuhi aliniwekea chai na mahamri, akasema, "Kula." Nilipomaliza ndipo akasema, ananipa mgongo, anapepeta mchele, "Miezi saba nimemwomba Mungu amrudishe mwanangu. Nilipaswa nimwombee rehema. Dua zote zile nimezipeleka njia siyo." Akaendelea kupepeta. Mimi sikumkosesha Tima peke yake. Nimekukosesha na wewe dua.

Sasa hivi ninavyoandika Tima anaicheza sauti yako. Nakusikia kupitia ukutani. Sekunde kumi na moja, kimya, kisha tena. Maneno hayasikiki vizuri, lakini nayajua, na kasia linapogonga nalijua. Hapo. Amerudia.

Sijui nitaishi vipi na haya, Bakari. Sikuandiki uniambie si kosa langu. Ungelikuwa hai ungelisema hivyo upesi, ukanipiga kikonzi, na ningelikuamini, na nisingestahili. Sitaki nafuu hiyo. Nataka tu ujue kwamba najua.

Sitakutafuta tena. Kidude nimempelekea Ami, akitumie au akitupe. Kayaki imelala ubavu nyuma ya choo, Mama ameweka ndani yake miche ya mchicha, na sikumkataza.

Kila alfajiri nitakuombea rehema, niombe na za miezi ile iliyopotea, hata kama hazihesabiki hivyo. Siku Tima atakapofunguliwa nitakuwa nimesimama mlangoni pake, na lolote atakaloniambia nitalisikiliza mpaka mwisho. Na sitasema tena kwa mtu yeyote kwamba nimekuota, hata nikikuota kweli.

Na ramani. Mwalimu wangu anasema si lazima nirudi baharini. Anasema kompyuta inaweza kukisia rangi ya mahali palipobaki kwa kutazama majirani zake, ikapajaza, na hakuna atakayeona tofauti. Nimemwambia hapana. Nimekisia vya kutosha. Nitaitoa kama ulivyoiacha, mistari yako yote bila ile yangu ya Jumamosi, ambayo yeye hajaiona, na kule mashariki, nje ya mlango, pale ambapo hukuwa na lako, patabaki peupe.

Hukupata sanda, kaka. Weupe huo nakuachia.

Dada yako,
Mishi